Kengele Isiyo na Betri

Kila mashine ya kiwandani inayoendeshwa kwa umeme ina viungo vya aina mbili: vinavyofanya kazi na vinavyoamuru kazi. Katika mashine ya barafu, kompresa na feni ndizo zinazofanya kazi. Amri hutoka kwenye paneli, lile sanduku la bati lililotundikwa ukutani. Paneli ya siku hizi ikifunguliwa huonekana safu ya visanduku vidogo vya plastiki vilivyobanwa kwenye reli ya chuma yenye upana wa milimita 35. Kila kisanduku ni moduli, yaani saketi kamili yenye kazi yake, inayoweza kuchomolewa na kubadilishwa bila kugusa jirani zake.

Moduli hizo ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya ugavi wa umeme: hupokea mkondo geu wa volti 230, au 400 penye umeme wa njia tatu, na kutoa mkondo mnyoofu wa volti 24 ambao ndio chakula cha saketi nyingine zote. Ya pili ni ya udhibiti: husoma vihisi vya joto, shinikizo na kina cha maji, kisha huamua lini mota iwashwe na lini izimwe. Ya tatu ni ya tahadhari: huwasha taa, hupiga king'ora au hutuma ujumbe kwenye simu pale kipimo kinapovuka mpaka. Wauzaji huisifu ya pili, na ya tatu hukumbukwa baada ya ajali. Ya kwanza haisemwi sana, na katika Kibiti na delta ya Rufiji, nchini Tanzania, ndiyo inayostahili kusemwa kuliko zote.

Mazingira ya huko hayaionei huruma saketi. Mto Rufiji hugawanyika matawi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, na kati ya matawi hayo umestawi msitu mkubwa wa mikoko, wenye takriban hekta 53,000. Upepo wa bahari hubeba chumvi hadi ndani ya nyumba. Usiku ukipoa, umande huganda juu ya bati la paneli, nje na ndani. Bara kidogo, kwenye ardhi ya Kibiti penye mikorosho, tatizo hugeuka: udongo ni wa kichanga, wakati wa kiangazi hukauka, na waya wa ardhi uliochimbiwa humo haupitishi vizuri mkondo wa radi wala wa hitilafu. Karibu na maji ya chumvi udongo hupitisha mkondo vizuri, lakini fimbo ya chuma huliwa na kutu.

Umeme wenyewe nao una historia yake. Kwa miaka kadhaa maeneo ya Kilwa na Rufiji, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Rufiji, yalitegemea kituo cha Somanga Fungu kinachotumia gesi ya Songo Songo. Sasa, kwenye mto uleule, juu ya delta, kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye Gridi ya Taifa Februari 2024. Hata hivyo wingi wa umeme na utulivu wa umeme ni mambo mawili tofauti. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024 gridi ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Kijiji kilicho mwisho wa laini ndefu hupata matatizo madogo zaidi ya hayo, lakini huyapata mara nyingi zaidi: volti hushuka jioni watu wakiwasha taa na majiko, njia moja kati ya tatu hukatika, au umeme hurudi kwa kishindo baada ya mti kuondolewa kwenye waya.

Katika hali hiyo, je, mashine za huko zifungiwe moduli za kielektroniki, au zibaki na mfumo wa zamani wa kontakta, rilei na mtu wa kuzilinda? Mjadala unaofuata umewekwa katika vinywa vya watu watatu wa mfano: fundi wa siku nyingi wa Kibiti mjini, mhandisi kijana aliyetoka chuoni, na mama mfanyabiashara anayetaka mashine ya barafu kwa ajili ya samaki na kambamiti wanaopita bandari ya Nyamisati.

Hoja ya fundi huanzia mikononi. Rilei ni sumaku ya umeme inayovuta kipande cha chuma na kufunga mguso. Kontakta ni rilei kubwa iliyojengwa kubeba mkondo wa mota. Vitu hivi huonekana vikifanya kazi. Mguso ukichakaa hupigwa msasa, koili ikiungua husukwa upya au hutolewa kwenye kontakta nyingine iliyokufa. "Mwanangu," fundi humwambia mhandisi, "rilei ikiumwa inasema. Ina mlio wake, ina harufu yake. Hicho kisanduku chako kikifa kinakufa kimya. Nikifungue nione nini? Bodi imepakwa gundi nyeusi, namba zimefutwa." Hoja hii ina uzito. Baadhi ya watengenezaji humimina gundi ngumu juu ya saketi, kwa kuikinga na unyevu au kwa kuficha ufundi wao, na moduli ya namna hiyo haitengenezeki mahali popote, si Kibiti, si kule ilikotoka.

Mhandisi, baada ya shikamoo, hujibu kwa kuanzia kwenye mota iliyoungua. Mota ya njia tatu ikikosa njia moja ilhali inazunguka, haisimami. Huendelea kuzunguka kwa njia mbili, ikivuta mkondo mkubwa kupita kiasi, na koili zake huungua kwa muda wa dakika tu ikiwa mzigo ni mzito. Ovaloadi ya zamani, ile yenye bamba la metali mbili linalopinda kwa joto, husubiri joto lipande ndipo ikate, na mara nyingi huwa imerekebishwa na mtu aliyechoka kuona mashine ikijizima. Moduli ya kulinda njia hupima volti za njia zote tatu bila kupumzika. Ikiona moja imekosekana au imeshuka, hukata mara moja. Tena hutambua mpangilio wa njia ukigeuzwa, jambo linalotokea waya zikirejeshwa vibaya baada ya matengenezo ya laini. Baadhi ya kompresa zikizungushwa kinyume huharibika. Kusuka upya mota ya kompresa hugharimu mara nyingi ya bei ya moduli hiyo, tena mashine hulala siku kadhaa huku barafu haipatikani.

Hoja yake ya pili inagusa kontakta yenyewe. Kontakta ya volti 230 hutengenezwa kufunga kwa uhakika volti isiposhuka chini ya asilimia 85, yaani kama 195. Volti ikishuka zaidi jioni, sumaku hukosa nguvu ya kushika; kontakta hutetemeka, hufunga na kufungua mara nyingi kwa sekunde, na cheche hula miguso yake yote. Lakini moduli nyingi za ugavi wa umeme hukubali volti yoyote kuanzia 85 hadi 264 na bado hutoa 24 zilezile. Koili ya kontakta ikilishwa kwa volti hizo 24 haitetemeki tena, na moduli ya udhibiti hupata nafasi ya kuzima mota kwa utaratibu kabla volti dhaifu haijaiumiza.

"Hapo umesema kweli," fundi hukubali. "Mlio wa kontakta inayotetemeka ninaujua. Lakini hiyo ya volti 24 nayo itakaa muda gani, huku kwetu?"

Swali hilo ndilo kiini cha upande wake, na jibu lake ni la kifizikia. Moduli ya ugavi hubadili umeme kwa kuuwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde, kisha kuutuliza kwa kapasita. Kapasita kubwa zina kimiminika ndani, na kimiminika hicho hukauka taratibu. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Moduli iliyopimwa kuishi miaka kumi kwenye chumba chenye ubaridi itaishi mitano au pungufu katika banda la mabati pale Nyamisati. Chumvi huja na njia nyingine: hutua juu ya njia za shaba kwenye bodi, hunyonya unyevu, na mkondo mdogo huanza kuvuja kati ya njia mbili zisizopaswa kukutana. Shaba hugeuka kijani, kisha hukatika.

Kuna kinga, ila kila kinga ina gharama yake. Bodi inaweza kupakwa rangi angavu inayozuia unyevu. Paneli inaweza kuwa ya daraja la IP65, lisiloingiza vumbi wala maji yanayorushwa. Lakini sanduku lililozibwa hivyo hufungia joto ndani, na joto ndilo adui wa kapasita. Anayeziba paneli kwa kuogopa chumvi huiua kwa joto, na anayetoboa matundu kwa kuogopa joto huiua kwa chumvi. Njia ya kati ni kuchagua moduli ya ugavi yenye uwezo mara mbili ya mahitaji ili isichemke, kutumia sanduku kubwa kuliko inavyolazimu, na kulitundika kivulini upande usiopigwa na upepo wa bahari. Hapa ujuzi wa mafundi wa zamani una thamani kamili: taa ndogo yenye joto, ikiachwa inawaka ndani ya paneli mashine inapolala, hufukuza umande. Wahandisi huuza kitu hichohicho kwa jina la hita ya paneli.

Kufikia hapo fundi na mhandisi wamekaribiana, lakini mama wa barafu hajauliza alilokuja kuuliza. Yeye hajali sana kama ndani kuna rilei au kisanduku. "Nyie wote mnasema mashine itajizima," asema. "Haya, imejizima saa tisa usiku, kambamiti wangu wako kwenye boksi na boti itoke na maji asubuhi. Nani ataniamsha?"

Swali hili huvusha mjadala kutoka kwenye udhibiti hadi kwenye tahadhari, na ndipo kosa la kawaida zaidi katika paneli ndogo linapojitokeza. King'ora hufungwa kwenye umeme uleule unaoendesha mashine. Mota ikichemka, kitalia. Shinikizo la gesi ya kupozea likipanda, kitalia. Lakini umeme ukikatika, na hilo ndilo tukio la mara kwa mara kuliko mengine yote, king'ora hufa pamoja na mashine. Mkulima wa mpunga wa Rufiji hawezi kushangaa kuambiwa hivyo. Katika mashamba ya bondeni familia hukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Dungu huinuliwa kwa sababu maji na wanyama hupita chini. Mlinzi hawekwi pale ambapo kitu anachokilinda kitakumbwa pamoja naye. King'ora kisicho na betri ni mlinzi aliyelazwa chini, katikati ya mpunga.

Viwanda vikubwa vimejifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya nchini Urusi, mtambo mmoja uling'oka na maji yakafurika ukumbi wa mitambo. Umeme wa ndani ya kituo ulikatika, na milango ya kuzuia maji ambayo ingepaswa kujifunga haikujifunga. Wafanyakazi walilazimika kupanda juu ya bwawa kuifunga kwa mikono. Watu 75 walikufa. Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 11 Machi 2011, tsunami ilifunika jenereta na betri za kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi huko Japani. Vipimo katika chumba cha udhibiti vikazimika, na wafanyakazi wakakusanya betri za magari ili wapate kusoma kina cha maji ndani ya tanuri. Katika ajali zote mbili vyombo vya udhibiti vilikuwapo. Kilichokosekana ni umeme wa kuvilisha.

Fundi anaposikia habari ya betri za magari hutikisa kichwa kwa kuelewa. Kwake hilo si ajabu hata kidogo. Betri mbili za volti 12 zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa 24, ambazo ndizo volti za paneli. Moduli ya ugavi yenye sehemu ya kuchaji huzijaza umeme ukiwapo, na umeme ukikatika hupokeza mzigo kwa betri bila saketi kuhisi pengo. Kompresa husimama, kwa kuwa betri ndogo haiwezi kuiendesha, lakini akili ya mashine na sauti yake hubaki hai. Moduli ya tahadhari hupiga king'ora, hutuma ujumbe kwa simu ya mama, na jenereta huwashwa kabla barafu haijaanza kulia machozi.

Mhandisi huongeza kanuni ambayo haigharimu hata shilingi moja zaidi, na ambayo mafundi wengi huipuuza: kengele ifungwe kinyume. Badala ya hatari kufunga saketi, hali ya usalama ndiyo ifunge saketi na hatari iifungue. Rilei ya tahadhari huwa imevutwa muda wote mambo yakiwa shwari. Waya ukikatwa na panya, ukiliwa na chumvi, au kihisi kikifa, rilei huachia na kengele hulia. Vihisi vya viwandani hufuata fikra hiyohiyo vinapotuma vipimo kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Kipimo cha sifuri huwakilishwa na 4, si na sifuri, ili paneli ijue tofauti kati ya "tangi halina maji" na "waya umekatika". Mabomba ya gesi yanayopita katika nchi ya Rufiji kutoka Songo Songo na Mtwara kwenda Dar es Salaam ni ya aina ya kazi ambayo kanuni hii haikosekani: vali za dharura kwenye mitambo ya gesi kwa kawaida hupangwa zijifunge zenyewe nguvu inayoziendesha ikitoweka.

Fundi hapa huleta pingamizi lake la mwisho, nalo ni zuri. Kengele inayolia kwa kila panya itazoeleka. Siku ya tatu mlinzi ataikata waya. Pingamizi hilo lina ushahidi mkubwa: katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Uingereza, kabla ya mlipuko wa tarehe 24 Julai 1994, waendeshaji wawili walipigiwa kengele 275 katika dakika 11 za mwisho. Hakuna binadamu awezaye kusoma kengele 275 kwa dakika 11. Kwa mashine ya barafu, kengele tatu zinatosha: umeme umekatika, mota imezimwa na ulinzi, joto la chumba cha barafu limepanda. Mengineyo yawe taa tu. Mwandishi wa makala haya anaona hoja ya fundi na ya mhandisi zinakutana hapa bila kugongana: kengele iwe nyepesi kujitangaza inapoharibika, lakini iwe na mambo machache ya kusema.

Kuna mahali ambapo swali la mama linageuka kuwa swali la bonde zima. Aprili 2024 mafuriko yaliyakumba maeneo ya Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yakazama. Baadhi ya wakazi waliyahusisha na maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ilieleza kuwa chanzo ni mvua kubwa na kwamba bwawa lilipunguza makali yake. Ubishi huo hauwezi kuamuliwa kwa kutazama paneli ya umeme. Lakini upande wowote ukiwa na haki, hitaji la kiufundi ni lilelile: vipimo vya kina cha mto na ving'ora vijijini vinavyofanya kazi wakati nguzo za umeme zimelala majini. Kila kituo cha namna hiyo kinahitaji paneli ya jua, betri yake, na moduli iliyowekwa juu kuliko alama ya mafuriko ya zamani. King'ora cha bonde kinachotegemea laini ya kijiji kitanyamaza katika siku pekee kilichowekewa.

Linabaki suala la nani atabadilisha kilichokufa. Kutoka Kibiti mjini hadi Dar es Salaam ni safari ya barabara ya Kilwa ya saa chache. Kipuri kinaweza kufika kwa basi siku hiyohiyo. Ndani ya delta hesabu ni nyingine. Boti huenda kwa maji: wakati wa bamvua mikondo hujaa na kupitika, na maji yakipwa vijito vingine hubaki tope. Moduli inayokufa katika kijiji cha ndani inaweza kuilaza mashine siku kadhaa kwa kukosa kitu chenye uzito usiofikia kilo. Hapa upande wa fundi unashinda kwa nusu. Moduli yenye muundo wa kampuni moja tu, inayohitaji programu maalumu na nywila iliyobaki kwa muuzaji, haifai delta hata ikiwa bora kiasi gani. Inayofaa ni moduli ya volti 24 ya kawaida, yenye skrubu zilizoandikwa namba, ambayo ya mtengenezaji mwingine inaweza kukaa mahali pake kwenye reli ileile, na mchoro wa waya umebandikwa ndani ya mlango wa paneli kwa Kiswahili.

Kwa hiyo anayenunua mashine kwa ajili ya Kibiti au delta adai vitu vinne kwenye hati ya mauzo: moduli ya kulinda njia tatu, moduli ya ugavi yenye betri, moduli ya pili ya ugavi ya akiba ikiwa bado kwenye boksi lake, na kengele iliyofungwa kinyume. Betri za asidi nazo huchoka haraka kwenye joto, kwa hiyo zipimwe kila baada ya miezi michache na zibadilishwe kabla hazijafa. Na siku ya kukabidhiwa mashine, ikiwa inazunguka, meni swichi izimwe mbele ya mnunuzi. King'ora kisipolia, malipo ya mwisho yasitolewe.